Homa na Maana Zake

Hotuba iliyosomwa na Halmashauri ya Elimu ya tawi mbele ya wanachama, Funzi



Tumepewa kazi ya kusema juu ya afya ya mfanyakazi. Jambo hilo ni pana, na saa zetu ni chache kabla maji hayajapwa na wenzetu hawajataka kurudi bara. Basi tumechagua neno moja tu, tulipasue kama dafu tuone kilichomo. Neno lenyewe ni HOMA. Hapana mtu hapa asiyelijua. Lakini neno linalojulikana na kila mtu ndilo watu wasilouliza maana yake, na kutouliza huko kumeleta misiba majumbani na hasara makazini. Tutaanza na maana yake ya dhahiri, kisha tutaingia katika maana yake ya mfano, maana zote mbili zatuhusu.

NENO LENYEWE

Homa ni neno tulilopata kwa Waarabu, nao husema humma, na asili yake ni joto. Neno hamamu, yaani nyumba ya kuogea maji ya moto, latoka katika shina hilo hilo. Na waliofika Unguja wanapajua Hamamni, pale Mji Mkongwe, palipojengwa bafu katika zama za Sultani Barghash. Basi kwa asili yake homa ni jina la joto, wala si jina la ugonjwa mmoja.

Mtu aliye salama ana joto la kadiri ya digri 37. Likifika 38 au kupita, tabibu husema mtu huyu ana homa. Wengi hudhani joto hilo laletwa na mdudu wa maradhi kama vile kaa la moto liletavyo joto chunguni. Sivyo. Mwili wenyewe ndio unaolipandisha, kwa amri ya ubongo, ukiisha kutambua kuwa adui ameingia. Wadudu wengi wa maradhi hawastawi katika joto hilo, na chembe za damu zilizo askari wetu hufanya kazi kwa bidii zaidi. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Homa ndiyo mbiu. Mwenye kupiga mbiu si adui wa mji. Anatuarifu kuwa adui yuko.

Lakini katika Kiswahili chetu tumelibebesha neno hili mizigo miwili. Twasema homa tukikusudia ile ishara ya joto, na twasema homa tukikusudia maradhi yenyewe. Mtu wa pwani akisema, "Nimeshikwa na homa," aghalabu mwenziwe hufahamu malaria. Tena tunayo homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, na homa ya dengi. Zote hizi zina jina la ukoo mmoja, lakini hazikuzaliwa nyumba moja. Ya matumbo hutokana na maji na chakula kilichoingia uchafu. Ya manjano na ya dengi huletwa na mbu. Ya uti wa mgongo yaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu zake kwa muda mfupi. Dawa ya moja siyo dawa ya nyingine.

ISHARA NA CHANZO CHAKE

Chukueni mfano wa nahodha wa boti ya watalii. Jioni anahisi baridi, viungo vinamuuma, kichwa kizito. Ananunua panadoli dukani, anameza mbili, na usiku wa manane jasho lamtoka na joto lashuka. Asubuhi anasema, "Alhamdulillahi, nimepona," anakwenda kazini. Lakini panadoli haimwui mdudu wa malaria hata mmoja. Imeinyamazisha mbiu tu. Wadudu wanaendelea kuzaana katika damu, na siku ya pili au ya tatu mtu huyo anaanguka akiwa katikati ya bahari pamoja na abiria wake.

Kwa mtu mzima jambo hilo ni la hatari. Kwa mtoto mdogo ni la hatari kubwa zaidi. Malaria ya huku kwetu isipotibiwa yaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa saa 24. Na sisi wa kisiwani tuna hesabu nyingine juu ya hiyo. Mtu wa Msambweni mjini akichelewa, amechelewa njia ya kwenda hospitali tu. Mtu wa Funzi akichelewa, ana bahari ya kuvuka kwanza, na bahari ina saa zake: kuna kujaa na kupwa, kuna usiku na kuna upepo wa kusi. Ndiyo maana twasema kuwa mtoto wa Funzi mwenye homa hana ruhusa ya kungoja kesho.

Wako na wengine waliokosea kwa upande wa pili. Wao kila joto huliita malaria, na kila malaria huimezea dawa iliyobaki kabatini. Wazee watakumbuka klorokwini, dawa chungu tuliyopewa sote utotoni. Ilitumika ovyo kwa kila homa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wadudu wa malaria wa Afrika Mashariki walianza kuizoea. Serikali ya Kenya iliiacha mwaka 1998, ikashika dawa nyingine. Nayo ikachoka upesi. Na mwaka 2004 ikaamuliwa tutumie dawa ya mseto ambayo hadi leo twaimeza dozi sita kwa siku tatu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwa nchi zote kwamba mgonjwa anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu ya kidole, na jibu lapatikana kwa kiasi cha dakika 20. Dakika hizo ndizo tofauti baina ya kutibu ishara na kutibu maradhi.

MAJINA YENYE PICHA NDANI YAKE

Sasa tutazame jinsi binadamu alivyoita homa asizozijua. Alipokosa chanzo, alichora picha.

Hapa pwani tulikuwa na ugonjwa ulioitwa kidingapopo. Mtu hushikwa ghafula, joto likapanda, viungo vikauma hata asiweze kunyanyua mguu, kana kwamba pepo amemkamata na kumkaza. Daktari James Christie, aliyekuwa Unguja ugonjwa huo ulipovuma mwaka 1870, aliandika kwamba wazee wa mji waliutambua mara moja, kwa kuwa walikwisha kuuona mwaka 1823, na jina lake walikuwa nalo tayari. Wataalamu wengi wanaona kuwa jina hilo la Kiswahili lilisafiri hata visiwa vya Marekani, nako kinywani mwa Wahispania likawa dengi. Basi dunia nzima leo yataja homa ya dengi, na huenda haijui kuwa inatamka neno la wazee wetu.

Lakini sikizeni yaliyofuata. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa namna hiyo ulizuka katika nchi ya Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wamakonde nao walitazama mgonjwa alivyojikunja kwa maumivu, wakatoa jina la picha: chikungunya, yaani ule unaomkunja mtu. Damu ilipopimwa ilionekana kuwa mdudu wake ni mwingine, si yule wa dengi. Na baadaye, mwaka 1971, mtaalamu mmoja alitoa hoja kwamba hata kidingapopo cha Unguja huenda kilikuwa chikungunya tangu hapo. Kumbe kwa zaidi ya miaka mia jina lilikuwa limekaa juu ya ugonjwa usio wake, kwa sababu ishara zafanana.

Mambo haya si ya kale tu. Chikungunya ilipiga Lamu mwaka 2004, ikaipiga Mombasa mwishoni mwa 2017 hata 2018. Dengi ilivuma Mombasa mwaka 2013. Na kuna faida kubwa katika kujua lipi ni lipi. Mwenye dengi akimeza asprini, au dawa za maumivu kama brufeni na diklofenaki, aweza kutokwa na damu ndani ya mwili. Kwake panadoli kwa kipimo chake na maji mengi ndiyo salama, mpaka tabibu amwone. Tena mbu wa dengi na chikungunya si yule wa malaria. Wa malaria huuma usiku. Huyu huuma mchana, na huzaa katika maji yaliyotuama karibu na watu: mapipa, vifuu vya nazi, magurudumu, na madau mabovu yaliyoachwa ufukweni yakajaa mvua.

Wazungu nao walichora picha zao. Neno malaria ni la Kitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Watu waliogopa hewa ya vinamasi, mbu akapita bila kushtakiwa, hata mwaka 1897 Ronald Ross, tabibu wa jeshi huko India, alipoona mdudu wa malaria ndani ya tumbo la mbu.

Picha iliyotuumiza zaidi sisi ni ile ya ndege. Mtoto wa homa kali akikakamaa, macho yakageuka na mikono ikapigapiga, wazee walisema ameshikwa na nyuni, au degedege, kana kwamba ndege mkubwa amepita juu yake. Kama picha, ni picha ya kweli: mtoto hupapatika kama ndege. Ubaya uliingia pale watu walipoacha kuona mfano wakaona ndege mwenyewe. Wakamtafuta mtu wa kumfukuza ndege, wakafukiza ubani na kumfunga hirizi. Na wengine wakaamini kuwa mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Aghalabu mtoto huyo ana malaria kichwani, naye anahitaji hospitali saa ile ile. Hatuwatukani wazee wetu. Walisema walichokiona. Lakini sisi tuliozaliwa baada ya kipimo cha damu hatuna udhuru.

HOMA YA MFANO

Sasa tugeukie maana ya mfano. Magazeti na redio hutuambia kuwa homa ya uchaguzi imepanda, au homa ya pambano la mpira imeushika mji. Huo ni msisimko, wala hauna ubaya; hupanda na kushuka wenyewe. Pia twasema fulani ametiwa homa na mdai wake, yaani ametiwa hofu. Hiyo nayo twaifahamu.

Lakini kuna mifano miwili ya neno hili ambayo mfanyakazi yampasa aifungulie macho.

Wa kwanza ni "homa ya Jumatatu". Msimamizi humcheka mfanyakazi aliyekosa kazini baada ya Jumapili, akasema ana homa ya Jumatatu, maana yake mvivu au mlevi. Labda yuko mmoja wa namna hiyo. Lakini kwa sababu ya mzaha huo, wengi walio wagonjwa kweli huona haya kusema, wakaenda kazini wakitetemeka. Dawa ya mzaha huu ni karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema hivi: mfanyakazi aliyekwisha kutumika miezi miwili mfululizo ana haki, katika kila miezi 12, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara mzima, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara. Sharti alete hati ya tabibu, na sheria yamkubali pia anayesimamia zahanati kwa niaba ya tabibu. Tena sharti ampashe mwajiri habari mapema kadiri awezavyo. Basi usiseme "nina homa" ukaishia hapo. Nenda ukapimwe, uandikiwe, na nakala uiweke.

Mfano wa pili ni "homa ya migomo". Maneno haya husemwa na matajiri, na mara nyingine na watu wa Serikali, wafanyakazi wanapoacha kazi hapa na pale. Sikilizeni vizuri kilichofichwa ndani yake. Mgomo umefanywa ugonjwa. Ukiwa ugonjwa, basi kuumaliza ndiyo tiba, na wanaougoma ndio wadudu. Lakini tumekwisha kuona kuwa homa si ugonjwa. Ni ishara. Kama mgomo ni homa, basi swali la tabibu mwema ni moja: homa hii yatoka wapi?

Tutazame mji wa Mombasa. Mwaka 1939 wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara midogo na vyumba vya kulala walivyosongamana ndani yake. Ikaundwa tume, posho ya nyumba ikatolewa kwa baadhi, joto likashuka. Mwaka 1942, katika vita, bei za vyakula zilipopanda, watu wa reli wakagoma. Wakaongezwa kidogo, joto likashuka. Mwaka 1945 ikaundwa halmashauri nyingine ya kuchungusha taabu za Mombasa. Na tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wapagazi wa bandari, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini, na mgomo ukadumu kiasi cha siku 12. Waliporudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikizwa, baraza la usuluhishi likaundwa, na nyongeza zikatolewa kwa wengine. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa akapelekwa kizuizini Kabarnet, mbali na bandari na wafanyakazi wake. Je, homa ilikoma? Mwezi wa Machi 1955 bandari iligoma tena.

Kwa watu wa tiba, homa ipandayo, ikashuka, ikarudi, huitwa homa ya vipindi. Ni alama kwamba mgonjwa alipozwa, hakutibiwa. Hiyo ndiyo historia ya Mombasa kwa miaka 16.

Wala si Mombasa peke yake. Madaktari wa Kenya wenyewe, ambao ndio wajuzi wa homa, waliacha kazi tarehe 5 Desemba 2016. Walidai mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 na kuwekwa kando. Viongozi wao walifungwa gerezani mwezi wa Februari 2017, lakini mgomo haukwisha kwa kufungwa kwao. Ulikwisha tarehe 14 Machi, siku ya 100, pande mbili zilipokubaliana. Na katika siku hizo waliopata taabu kubwa kabisa walikuwa wagonjwa maskini, wasio na fedha za hospitali za watu binafsi. Kama chanzo kingalitazamwa mwaka 2013, siku hizo 100 zisingalikuwako.

HOMA ZIDI HUUA

Hata hivyo, ndugu, tusijidanganye. Tumesema homa ni mbiu, lakini mbiu ikipigwa usiku na mchana watu hawalali wala hawalimi. Joto likizidi, mtoto hukakamaa. Kadhalika mgomo usio na mpango waweza kuivunja nyumba ya mfanyakazi kabla ya kumgusa tajiri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataja njia yake: kwanza usuluhishi, ukishindikana, notisi ya maandishi ya siku 7. Siku hizo 7 ni kama kile kipimo cha damu. Ni nafasi ya mwisho ya kila upande kuuliza chanzo. Mwajiri mwenye akili huzitumia kutafuta neno la kweli; mwajiri asiye na akili huzitumia kutafuta watu wa kufukuza.

Nasi ndani ya chama tuna homa yetu. Ukiona wanachama wanaacha kulipa ada, usiseme wameshikwa na homa ya uvivu. Uliza. Pengine hawajasomewa hesabu mwaka mzima.

MAMBO YA KUSHIKA

Twaomba kila mwanachama arudi nyumbani na mambo manne.

Kwanza: mtoto mwenye homa apimwe siku ile ile. Akikakamaa, usingoje hata chai iive. Wenye boti wa Funzi waliomo humu twawaomba wapange zamu ya usiku, jina la mwenye zamu lijulikane kila nyumba, ili mgonjwa avushwe Bodo na kupelekwa Msambweni bila kwanza kutafutana.

Pili: panadoli ni ya kupunguza joto na maumivu, wala siyo ya kumaliza ugonjwa. Dawa ya malaria ni ya aliyepimwa akaonekana nayo, naye aimalize zote, asimwekee mwenziwe.

Tatu: tumwage maji katika vyombo vibovu na vifuu, na tulale ndani ya chandarua.

Nne: mtu akisema "homa", iwe ni mama mwenye mtoto mgongoni, au msimamizi mwenye mzaha, au mtu wa redio anayesimulia mgomo, tumwulize neno moja: homa ya nini?

Kwa wavuvi wenye madau yao wenyewe, ambao hawana mwajiri wa kuwalipa siku za ugonjwa, Halmashauri italeta shauri la mfuko wa kusaidiana katika mkutano ujao. Njoni nanyi na mawazo yenu, kwa kuwa bahari haimlipi aliyelala kitandani.

 Umoja ni nguvu.